Kitambaa Kinachocheza Sataranji

Saa sita mchana, barazani mwa duka moja mjini Tabora, Lukumani Yahaya anasimamisha cherehani, anapanga kete za sataranji na kugeukia kitambaa cha marikani kilichotundikwa ukutani. Hicho ndicho mpinzani wake.

Kimeshonwa kanuni kwa uzi mwekundu: mfalme akitishwa, fanya hivi, askari wa adui akikosa mlinzi, mle. Lukumani huzisoma kuanzia juu, na ya kwanza inayofaa ndiyo huifuata, hata mkono wake ukikataa.

Waliosikia redioni kuwa Ulaya kuna kompyuta zinazocheza sataranji huja kumcheka. Wengi huondoka wameshindwa na kununa, mwandishi wa makala haya akiwa mmojawapo.

"Haya ni mawazo ya Premji," anasema fundi huyu wa miaka hamsini na minane. "Alipougua alinitajia anavyofikiri akicheza, nami nikashona. Akaniapisha: 'Usikifiche. Atakayekishinda aoneshe kosa, nawe ufumue.'"

Premji, mwenye duka hili, alicheza naye kila adhuhuri tangu kabla ya Uhuru. Alifariki mwaka 1971.

Kitambaa kimefumuliwa mara nyingi tangu hapo. Karani wa posta alirekebisha kanuni ya ngome, mkulima wa Puge ile ya askari. Kila rekebisho limekiongezea nguvu na kumpunguza Premji. Imebaki kanuni yake moja: asikubali kamwe farasi wake aliwe, hata akipewa malkia.

Juma lililopita Hilari, mwalimu kutoka Bukene, alikishinda kwa sababu ya kanuni hiyo.

"Shikamoo, mzee. Kosa liko hapa."

"Marahaba, mwanangu. Naliona."

Wembe wa kufumulia ulikuwa mezani. Lukumani hakuugusa. Alilia mbele za watu.

"Nikiifumua hii, nacheza na nani? Nisipoifumua, nimemvunjia marehemu ahadi."

Aliyemtoa katika mateso hayo ni Taramati, mjane wa Premji. Kwa vile nguo siku hizi hupatikana kwa foleni, alitoka ndani na shuka nyeupe ya mumewe.

"Fundi, ahadi ni ahadi, fumua. Lakini yule wako mshone hapa."

Lukumani ameifumua. Kesho ataanza kuzishona upya, kwenye shuka hiyo, kanuni zote za mwanzo, makosa na yote. Anazikumbuka kwa moyo.

"Cha ukutani ni cha watu, na kizidi kushinda," anasema. "Hiki nitacheza nacho mimi. Kikishindwa, nitasema kama zamani: Premji, si nilikwambia umwache farasi aliwe?"