Picha ya Posa Iliyogomewa na Kompyuta

Juzi, kwenye duka la kompyuta mtaani Kashaulili, kijana wa Kisukuma alileta picha itumwe kwa imeli kwa wakwe zake watarajiwa, Shinyanga. Pichani kasimama, kakumbatia dume lake la ng'ombe.

"Imegoma, kaka," dada wa kompyuta akasema. "Ni kubwa mno. Mashine inapokea nusu ya hii."

Kijana akaitia picha mfukoni mwa shati, akaitoa. "Inaenea hapa, ishindwe humo?"

"Humo inanenepa. Tukate upande mmoja. Nibakize upi?"

Akamtazama ng'ombe, akajitazama. Foleni nzima tukanyoosha shingo.

"Nitoe mimi. Mimi watanizoea."

Picha ikaenda papo hapo. Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake nikarudi makusudi, nisikie wakwe wamejibuje.

"Tumempenda," waliandika. "Aje, na yeyote wa kumswaga."