Robo ya Mama Sweta

Mama Sweta hakuwa na mtoto aitwaye Sweta, msije mkanielewa vibaya. Jina hilo alipewa na walimu, kwa kuwa kila muhula ulipofunguliwa watoto wa shule tatu waliingia darasani wamevaa kazi ya mikono yake. Alikuwa mfupi, na bega lake la kulia lilipanda juu kuliko la kushoto. Miaka kumi na tisa ya kusukuma kigari cha mashine ya kufuma, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ndiyo iliyompandisha bega hilo.

Mashine ilinunuliwa na mumewe, fundi wa mitambo, ikiwa mbovu, kutoka kiwanda kilichofungwa. Aliifungua sebuleni kipande kwa kipande mpaka wageni wakawa wanapokelewa mlangoni. Baada ya miezi miwili ikafuma mstari wake wa kwanza, na fundi akaita, "Mke wangu, njoo! Imesema!" Mpini wa kigari ulikuwa chuma kitupu, ukamchubua mama kiganja. Fundi akavua mkanda wake wa suruali, mkanda wa ngozi, wake wa pekee, akaukata, akauzungushia ngozi mpini ule na kuifunga fundo. Wiki nzima alitembea ameshikilia suruali kwa mkono, majirani wanamcheka. "Bora suruali ishuke," aliwajibu, "kuliko kiganja cha mke wangu kitoke damu."

Mwaka uliofuata akaugua kifua. Alilala chumba cha pili, mlango wazi, akiisikiliza mashine. "Sindano ya saba imelegea," alikuwa akisema kwa sauti ya kukwaruza, kabla mkewe hajaona uzi ulioruka. Akafa hivyo hivyo, mchana kweupe, mkewe akiwa katikati ya mkono wa sweta. Mama aliona mstari mzima umeruka, na hakuna aliyesema kitu. Akanyanyuka kwenda kumtazama.

Alibaki na binti asiyejua bado kutembea, na mashine. Binti aliwekwa kwenye kapu la uzi, mashine ikaendelea kufuma, na siku zikasogea.

Miaka minne baadaye shule zikaja na masharti: hazinunui tena kwa mtu mmoja mmoja, zinataka kampuni iliyosajiliwa. Wakakusanyika wanawake wanne. Shoga yake wa tangu utotoni alitoa chumba chake cha biashara, akafanywa mwenyekiti. Mwalimu mstaafu alileta cherehani mbili, akawa katibu. Wa tatu, mjane mpole waliyemwita Kimya, alitoa akiba yake yote. Mama Sweta akatoa mashine. Vitu hivyo vyote vikathaminiwa, vikaitwa mtaji wa kampuni, na mtaji ukagawanywa hisa mia moja. Kila mmoja akapata ishirini na tano.

Mwanasheria kijana alijitahidi kuwaelewesha. "Mama zangu, kitu ukishakiingiza kwenye mtaji, si chako tena. Ni cha kampuni. Chako wewe ni hisa."

"Kwa hiyo mashine yangu imebaki yangu robo?" aliuliza Mama Sweta.

"Hapana, mama. Una robo ya kampuni. Mashine yenyewe huna hata sindano moja."

"Na kampuni si ndiyo sisi? Basi ni yangu!" Wote wakacheka, mwanasheria naye akacheka kwa adabu, na Mama Sweta akasaini. Sisi tunaomcheka leo tungesaini vilevile. Kesho yake aliikuta mashine palepale, ngozi ya mpini ikimsubiri kiganja, na hakuona kilichobadilika.

Kampuni ikashika njia. Kila mwisho wa mwaka faida iligawanywa kwa hisa, na fungu lake ndilo lililomsomesha binti mpaka chuo cha uuguzi. Basi, mwaka jana, mtoto wa kiume wa mwenyekiti akaoa, akaja kutaka kile chumba akae na mkewe. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa. Aliyemjibu kijana alikuwa Mama Sweta. "Mwanangu, chumba hiki si cha mama yako tena. Ni cha kampuni. Mama yako ana hisa." Alilisema vizuri kuliko mwanasheria, na usiku ule alilala usingizi mnono.

Mwaka huu ikawa zamu yake. Sindano za mashine ile hazitengenezwi tena popote. Sweta zilichelewa, na shule mbili zilishaonya kwamba zitahamia kwingine. Ikapatikana mashine ya umeme, na muuzaji akakubali kupokea ile ya zamani kama sehemu ya malipo, maana alikuwa na mteja wa vipuri. Wangeivunja. Mwenyekiti aliitisha kikao palepale chumba cha kazi, wakakaa juu ya marobota ya uzi.

"Hiyo ni mashine ya mume wangu," Mama Sweta alisema kabla hajaulizwa. "Naichukua. Leo hii naondoka nayo."

Katibu akafungua jalada, akasoma taratibu, macho yake hayainuki. "Mashine moja ya kufuma, pamoja na vifaa vyake vyote. Imesainiwa hapa, dada. Ni mkono wako."

"Shoga," mwenyekiti akaongeza kwa upole, "hata mimi mwanangu nilimwacha akapange mbali."

Hakulisema kwa kumsuta, na ndiyo maana liliuma zaidi. Yale maneno aliyoyatamka Mama Sweta mwenyewe mwaka jana, kumbe hakuwa ameyaelewa. Aliyajua tu, mradi yalimhusu mwingine.

"Na nikirudisha hisa zangu, nipewe mashine?"

Walitazamana. "Inawezekana," katibu alisema. "Tutanunua hisa zako, na mashine iwe sehemu ya malipo yako. Lakini utakuwa umetoka, dada. Faida hutapata tena."

Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu chuoni. Na mashine isiyo na sindano ingefuma nini? Angeiweka sebuleni, aitazame. Alipiga hesabu hiyo bila karatasi, machozi yakimlengalenga, na kuchukua chuma badala ya binti hakuweza.

"Pigeni kura," alisema.

Mwenyekiti alihesabu mikono ya waliokubali mashine iondoke. Ilikuwa minne. Wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Mama Sweta, ule wa bega lililopanda.

Gari la muuzaji lilipofika, aliomba jambo moja tu: ngozi ya kwenye mpini. Katibu alihangaika. "Orodha inasema vifaa vyote," alisema. "Ni lazima niandike kwenye muhtasari. Niandike ina thamani gani?"

"Andika haina," alisema Mama Sweta. "Ikiwa nayo mtashindwa kunipa."

Katibu akaandika: Kipande cha ngozi kuukuu. Thamani: hakuna. Kikao kimeridhia apewe mwanahisa.

Fundo halikufunguka. Kimya akamletea mkasi, akaukataa. Akakaa kitako sakafuni na kulichokoa fundo kwa ncha ya sindano kuukuu, huku dereva akipiga honi nje na mwenyekiti akitoka kumwambia asubiri. Fundi alikuwa amelifunga kwa nguvu. Ilichukua karibu saa nzima. Ngozi ilipoachia ilikuwa imepauka kwa nje, imelainishwa na kiganja chake, lakini upande wa ndani bado ulikuwa mweusi, na pale mwisho palikuwa na tundu la mkanda, limetanuka, lile ambalo mumewe alifungia suruali yake kila asubuhi.

Mashine ikabebwa na wanaume watatu, ikapita juu ya kichwa chake. Hakuitazama. Aliingiza kidole kwenye lile tundu, akalia kwa sauti mbele ya wanahisa wenzake, na hakuna aliyesema kitu.