Chuma Hakitoki Jumamosi

Taa ya mafuta kwenye dashibodi iliwaka tulipokuwa tunapita Westlands, na dada yangu Wamucii akajifanya hajaiona. Niliiona mimi. Nilikuwa nimeketi kando yake nimekumbatia mkoba wenye akiba yake karibu yote, na macho yangu hayakuwa na kazi nyingine.

"Ingia hapo petrol station," nikamwambia.

"Watasema nizime gari."

"Si uzime basi."

"Nikizima haiwaki tena, Debra. Saa sita imepita."

Hapo ndipo nilipoelewa tulivyokuwa tumekaa vibaya. Lile gari halikuwa lake. Alilikodi kwa kampuni moja ya Ngong Road, na malipo ya wiki yalitakiwa kila Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Usipolipa, wanalizima wakiwa ofisini kwao, kwa kifaa walichokifunga ndani ya dashibodi, ambacho pia huwaonyesha gari lilipo. Hawalizimi likiwa mwendoni, wasije wakaua mtu. Wanangoja uzime mwenyewe, na ukishazima umekwisha. Madereva wote wa magari hayo wanajua kwamba siku ukichelewa kulipa huthubutu kugusa ufunguo. Kuna mmoja wa Kawangware aliyehudhuria mazishi ya jirani yake akiwa ndani ya gari, linanguruma nje ya ua, waombolezaji wanamtazama kama mwendawazimu.

Pesa ya wiki tulikuwa nayo, tena ilikuwa kwenye simu ya dada. Lakini ikitoka hiyo, pesa ya gari tulilokuwa tunakwenda kununua ingepungua, na mwenye gari alikwisha sema hauzi kwa mafungu.

Niseme kidogo kuhusu dada yangu. Wamucii ana miaka arobaini na moja, anaishi nasi Woodley katika nyumba ya mama yetu, na hapigi honi. Sijui dereva mwingine wa Nairobi asiyepiga honi. Mtu akimkata njia yeye humpisha, kisha huuma mdomo wa chini, na mimi ndiye hutoa kichwa dirishani kumtukania. Kwa miaka miwili ameendesha gari la watu. Wiki ya homa alilipa, wiki ya maandamano alilipa, na hata wiki gari lilipokuwa kwa mafundi wa kampuni yenyewe alitozwa nusu.

Ndugu yetu Gichuru, anayefanya kazi benki na hupenda tulijue hilo, alikuwa upande wa kukodi. "Likiharibika ni shida yao. Bima ni yao, tairi ni zao. Ukinunua gari kuukuu umenunua garage." Kilichoniudhi ni kwamba hakuwa amekosea. Lakini mimi nilimwambia dada anunue tu, hata likiwa kuukuu, maana mtu hawezi kuzeeka akilipia kiti cha mwenzake. Wamucii alitusikiliza wote wawili mezani, akamaliza chakula chake, akatoka kwenda kuosha gari la kampuni.

Gari la kununuliwa lilikuwa Spring Valley, kwa Mama Kamla. Ni mjane wa Kihindi ambaye dada humpeleka hekaluni, kliniki na soko la mboga. Mumewe, Mzee Kirit, aliacha Fielder ya kijivu iliyotunzwa kama yai. Siku moja Mama Kamla alimwambia dada, "Pata pesa, kuja." Basi.

Mpango ulikuwa rahisi. Sacco ya dada iliahidi kumpa akiba yake Jumamosi asubuhi mjini. Angenunua Fielder kabla ya saa sita, kisha angerudisha gari la kampuni kwa mkono wake mwenyewe. Hilo lilikuwa muhimu. Ukilirudisha mwenyewe, unarudishiwa amana uliyoweka siku ya kwanza, na ndiyo pesa iliyokuwa imengojewa na bima ya Fielder. Wakija kulichukua wao, amana imeliwa, na jina lako linachafuka kwa kampuni zote za mji huu. Lakini foleni ya sacco ilikuwa ndefu, karani akaenda kunywa chai yake bila haraka, na saa sita ikatukuta tungali Tom Mboya Street.

Kwa hiyo tulifika Spring Valley na gari linalokunywa matone ya mwisho. Nthiwa, askari wa Mama Kamla, akatufungulia geti. Fielder ilikuwa imefunuliwa turubai, na kando yake alisimama mwanamume akipiga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Ni nani huyo?" nikamuuliza Nthiwa kwa dirisha.

"Jamleck. Broker wa magari. Amekuja na cash."

Wamucii aliliacha gari linanguruma, mlango wazi, akaenda barazani alikoketi Mama Kamla na sweta yake juu ya sari nyeupe. Nikamfuata na mkoba.

"Mama, nimeleta pesa," dada akasema.

"Hata mimi nimeleta," Jamleck akadakia nyuma yetu, "na naongeza elfu hamsini juu ya yake. Twende kazi."

Mama Kamla akatutazama sote bila hasira. "Leo ni Saturday. Chuma haitoki kwa hii nyumba Saturday. Haiuzwi, hainunuliwi. Kirit hakununua hata msumari Saturday."

Jamleck akacheka, akidhani ni mbinu ya kupandisha bei. "Sawa Mama, gari ilale hapa. Chukua deposit tu, tuandikiane."

"Leo siongei maneno ya chuma. Keti, kunywa chai."

"Chai siku ingine, Mama, niko haraka. Kesho mapema niko hapa, na nitaongeza tena." Akatoka akimpigia mtu simu kabla hata hajafika getini.

Sitaficha, nilimchukia yule mama. Nilijua, nilidhani ninajua, kwamba anatuzungusha ili tushindane bei. Dada akapiga magoti kando ya kiti chake, nami nikaona aibu kwa niaba yake.

"Mama, mimi sijui hiyo mambo ya Saturday, na siipingi. Niambie tu kama kesho itakuwa yangu. Neno moja."

"Leo siongei, beti." Beti, yaani binti, ndivyo anavyomwita kila mwanamke, hata mwenye mvi. "Zima hiyo gari, inanuka. Kuja unywe chai."

Wamucii akainuka na kurudi kwenye gari, nami nikamkimbilia. Simu ilikuwa mkononi mwake, ukurasa wa malipo umefunguka, namba ya kampuni imekwisha andikwa. Injini ilikuwa imeanza kukohoa.

"Lipa," nikasema. Mimi huyu, niliyemhubiria wiki nzima anunue. "Lipa na faini yao, dada. Huyu mama hajakuahidi kitu. Kesho utakosa ile na hii pia, na utakula nini? Lipa, tafadhali."

Alinitazama, akauma mdomo wa chini. Nilidhani analipa. Akaingiza mkono ndani, akazungusha ufunguo.

Ua wote ukanyamaza. Nilisikia mfagio wa Nthiwa kule nyuma.

"Umefanya nini, Wamucii?"

"Nimeambiwa nikunywe chai," akasema. "Nimechoka kukimbizana na saa sita yao."

Tulikunywa chai. Yaani, wao walikunywa. Mimi nilishika kikombe kama ninaota moto. Dada alikula vitafunwa vya chevda, akauliza hali ya Sonal, binti wa Mama Kamla aliye ng'ambo, akacheka panapostahili kuchekwa. Hakulitaja gari hata mara moja, na mikono yake aliificha chini ya meza kila ilipokuwa haina kikombe.

Kikombe cha pili hakikuwa kimekwisha Nthiwa alipokuja mbio.

"Mama, kuna watu wa kampuni kwa gate. Wamekuja na lori ya breakdown. Wanataka hiyo gari ya Wamucii."

Nikamtazama dada, naye akaweka kikombe chini. Amana ilikuwa inakwenda, na jina pia, mbele ya macho yetu.

Mama Kamla hakuinuka. "Hiyo gari ni chuma?"

"Ni chuma, Mama."

"Leo ni siku gani?"

"Saturday, Mama."

"Basi."

Nthiwa alirudi getini amenyoosha mabega kama mtu aliyepandishwa cheo. Tulisikia makelele. Tulisikia kwamba gari ni mali ya kampuni, kwamba wataita polisi, kwamba mama huyo anajiona nani. Tulisikia Nthiwa akiwajibu kwa upole, tena na tena, kwamba chuma hakitoki Jumamosi. Nami, niliyekuwa nimeitukana Jumamosi hiyo moyoni tangu nifike, nikaiombea iwe ndefu. Mwishowe wakapaza sauti kwamba kesho saa nne watakuwa hapo, na lori lao likanguruma likaenda.

"Ongeza sukari," Mama Kamla akaniambia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na mama yetu hakutusamehe kukosa kanisa. Wamucii ni wa kwaya. Lakini saa moja na nusu tulikuwa getini Spring Valley, na Jamleck alikuwa ametutangulia, ameegemea ukuta na bahasha yake imejaa. Nthiwa hakuwa amemruhusu kuingia kwa sababu Mama alikuwa anasali. Tulingoja watatu bila kusalimiana. Nilijua anachokifikiria dada, kwa sababu mimi pia nilikifikiria: hatukupewa ahadi, mwenzetu ana pesa zaidi, na nyuma yetu saa nne inakuja.

Geti likafunguliwa. Mama Kamla alitokea na sinia yenye nazi, ndimu nne na funguo.

"Mama, nimeongeza vile nilisema," Jamleck akaanza, akinyoosha bahasha.

"Wewe jana ulikuwa na haraka," akamwambia. "Enda haraka." Kisha akamgeukia dada. "Lete mikono, beti."

Wamucii alizipokea funguo kwa mikono yote miwili na kulia palepale, kwa sauti, kama mtoto. Nami nikalia, halafu dada akamtumia Mama Kamla ile ya simu, nami nikamkabidhi mkoba nikiwa nimesahau kutoa kitana changu na mafuta ya midomo.

Nazi ikavunjwa mbele ya Fielder, kulibariki gari. Ndimu zikawekwa, moja chini ya kila tairi, na dada akaambiwa aendeshe juu yake. Akanitazama, yeye mtu wa kwaya. Mimi nikatazama mawingu. Gari likawaka mara moja, kwa sababu Nthiwa hulipasha moto kila asubuhi, isipokuwa ile asubuhi moja ya juma, na ndimu zikapasuka.

Ikabaki maiti ya kampuni, imelala uani pale pale ilipozimwa. Nthiwa ndiye aliyeleta kamba. Akafunga gari la kampuni nyuma ya Fielder, akakaza mafundo kwa goti lake, na mimi nikasukumwa kwenye usukani wa lile lililokufa. Nina leseni. Sikuwahi kusema nina ujasiri. Breki zilikuwa ngumu kama ukuta, nami nilikanyaga kwa miguu yote miwili kila taa za nyuma za Fielder zilipowaka. Kwenye James Gichuru Road tulipishana na lile lori lao, likielekea Spring Valley kutuchukulia. Niliuinamia usukani. Dada hakupunguza mwendo wala hakuongeza.

Akaingia petrol station, mimi nikivutwa nyuma.

"Zima gari, madam," kijana wa pampu akamwambia.

Nikaona kisogo cha Wamucii kikitulia. Akazima. Akatiwa mafuta, akalipa, akawasha, likawaka. Akazima tena. Akawasha tena. Kijana wa pampu akanitazama mimi, nikamwonyesha kwa mkono kwamba amwache.

Ofisi ya Ngong Road ilikuwa na msichana mmoja tu wa zamu, mwenye kompyuta na kikombe cha uji. Dada aliweka ufunguo mbele yake na kusema amerudisha gari, mwenyewe, na anataka amana yake. Msichana akatazama kompyuta, akachungulia dirishani, akatazama kompyuta tena.

"Lakini hii gari tuliizima jana. Imefikaje hapa?"

Kwa miaka miwili nilimsikia dada yangu akisema gari ya kampuni, gari ya wenyewe, ile gari. Akashika pembe ya meza.

"Nimeivuta na gari yangu," akasema.

Kisha akarudia, ingawa msichana alikuwa amesikia.