Malori Mawili Uani kwa Mdogo Wangu

Lori la mdogo wangu lilikuwa na herufi kubwa za chuma mbele. Langu lilikuwa na nembo ya duara. Kwa miaka mingi tulibeba mahindi na maharage kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi mjini Mbarara, na hatukuacha kubishana. Nilimwambia lake linakohoa kama mbuzi mwenye mafua. Naye alinijibu, "Mukubwa, lile lako si lilibarikiwa na padri? Ndiyo maana linapiga magoti kila mlima." Mama, aliyekaa nami Kashojwa, kijiji cha humo Nakivale, na macho yake yameshafifia, alisema hawezi kuyatofautisha yakipita barabarani. "Yanalia sauti moja." Tulimcheka. Tukasema masikio nayo yamezeeka.

Ugonjwa ulipompata, mdogo wangu alikuwa amepanga nyumba Biharwe, nje kidogo ya Mbarara. Chasisi ya lori lake ilikuwa imekatika, nalo limesimama uani. Hospitalini walisema hawana la kufanya zaidi, tumtunze nyumbani. Hakuweza tena kuketi, kulala tu. Aliomba jambo moja: afike Kashojwa, Mama amshike angali hai. Mama mwenyewe kiuno kilikuwa hakimruhusu kusafiri.

Nilitandika magodoro mawili nyuma ya lori, nikaenda kumchukua. Karibu kufika, mlimani, klachi ikaungua. Trekta la jirani yake likanivuta hadi uani kwa mdogo wangu, nikaliacha langu ubavuni mwa lake.

Gari langu sikuwahi kumpa fundi alishike. Nililifungua mwenyewe, nikatoa diski ya klachi iliyolika, nikaenda dukani Mbarara nikataja jina la lori langu. Haikuwepo. Wakasema itaagizwa Kampala, nisubiri.

Kutoka kitandani, mdogo wangu alikuwa akinitazama kupitia dirisha.

"Mukubwa, fungua yangu, uchukue ya humo."

"Yako ni ya ukoo mwingine. Haiwezi kuingia."

"Umejaribu?"

"Nikiweka ya mbuzi wako tutaingia Kashojwa tukilia mee."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia basi nikodi lori jingine. Alikataa, alitaka nimpeleke mimi. "Tusubiri," akasema.

Tulisubiri wiki tatu. Kila jioni nilisali rozari kando ya kitanda chake nikimwomba Mungu anipe uvumilivu, naye akanipa, nikamshukuru. Nimefundisha katekisimu tangu ujana wangu. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kupiga magoti akaomba nguvu za kusubiri, wakati kinachotakiwa ni spana tu. Mama alinipigia kwa simu ya jirani. "Nimesikia lori linapita. Si ninyi?"

"Bado, Mama."

Mdogo wangu alifariki Jumanne asubuhi, kichwa chake kikiwa mkononi mwangu.

Majirani wakaniletea fundi, Mnyankore mwenyeji wa huko, aliyewahi kutengeneza magari ya wanajeshi kambini. Alizunguka malori yote mawili, akainama chini ya lile la marehemu.

"Mzee, pole sana. Lakini klachi ya hii, kwa nini hukutoa?"

"Ni gari la kampuni nyingine."

Alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Mzee wangu, hii ni gari moja. Hao watu wa kampuni wanashirikiana. Mmoja anatengeneza, mwingine anaweka jina yake tu mbele."

Alitoa diski ya lori la mdogo wangu, akaiweka juu ya yangu iliyolika. Matundu yalilingana yote. Hata namba ndogo zilizogongwa ukingoni zilikuwa zilezile. Nilizisoma mara mbili. Fundi akaichukua ya mdogo wangu, akaingia nayo chini ya lori langu. Saa tisa alasiri lori liliwaka.

Nilikuwa nimewaomba watu wote wasimwambie Mama kabla sijafika. Nikashika barabara ya Isingiro kuelekea Kashojwa polepole, mdogo wangu amelazwa kwenye magodoro yaleyale. Gia ziliingia bila kelele, na kila nilipokanyaga klachi nilijua ninakanyaga kile alichonipa, nikakikataa kwa mzaha.

Nilipozima injini nyumbani, Mama alikuwa ameketi mlangoni, amejifunga kitenge cha sikukuu, mikono ameshainyoosha mbele.

"Nimewasikia tangu kona ya shule," alisema. "Mlete."