Jumatano na Siku ya Tano

Edna wa Singida alikuwa mpishi msaidizi wa shule ndogo ya Wayahudi kule Al Barsha, ughaibuni katika nchi ya Kiarabu, yenye watoto kumi na wanne tu. Wazazi wao walikuwa wametoka huku na kule, mmoja Ufaransa, mwingine Afrika Kusini, na hapo shuleni tu ndipo watoto walipojiona wengi.

Mmoja wao, Tamari, miaka sita, alimpa Edna mawazo. Wenzake wakisoma baraka ya mkate, yeye hubana midomo. "Kule tunakoishi, jengo zima hakuna anayesoma hivyo," husema. Baba yake akachoka: Alhamisi angekuja kusikiliza, na binti akinyamaza tena, angemhamishia shule ya karibu na kwao. Edna alimsuka nywele mtoto yule kila asubuhi. Hakutaka aondoke.

Basi Madam Rivka, mwalimu wao, akaandika ubaoni: siku ya tano, mikate ya Shabati, yaani Jumamosi yao ya mapumziko. Edna akasoma, akahesabu kwa Kiswahili. Jumatano asubuhi unga ukaumuka hadi ukafurika beseni.

"Edna! Leo siku ya nne!"

"Madam, kwetu leo Jumatano. Tano ni tano."

"Na kesho?"

"Alhamisi." Edna akasita. "Nayo ni tano. Ya Kiarabu."

"Juma moja, tano mbili? Matajiri nyie!" Rivka akacheka hadi akashika meza.

Tamari akamvuta Edna aproni. "Hujui kuhesabu wewe. Tazama." Akanyoosha vidole. "Sisi tunaanza Jumapili, ya kwanza. Tunakwenda, tunakwenda, mpaka Shabati. Shabati haina namba, ina jina."

Sisi! Edna hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mtoto yule. Akajifanya mjinga. "Nihesabie tena, mwalimu wangu, kichwa changu kigumu." Akahesabiwa mara nne.

Mikate ile ikaliwa siku hiyohiyo. Kesho yake wakakanda mingine. Baba akaja, akasimama mlangoni. Zamu ya Tamari ikafika. Tamari akamtazama baba, akautazama mkate. Edna, roho juu, akaanza kumnong'oneza maneno ya baraka, maana kwa kuyasikia mwaka mzima alikuwa ameyashika.

"Edna, nyamaza!" mtoto akamkemea. "Hii ni yetu. Wewe sema amina."

Akaisoma yote, mbiombio, kama anayefukuzwa.

"Amina!" Edna akaitikia kwa sauti kuwashinda wote.

Baba akavuta kiti cha kitoto, akaketi magoti yakikaribia kidevu, akauliza muhula ujao unaanza lini.