Divai Kavu

Aibu hii nimeinyamazia tangu Pasaka, na mtu akitaja nyama ya mbuzi bado uso unaniwaka, kwa hivyo niacheni niitoe mara moja. Mkitaka kucheka chekeni, mimi ilinishinda.

Mnamjua kakangu Barasa, fundi wa viti kule Kabiro. Pombe ndiyo iliyomfanya mkewe, Mwende, arudi kwao Machakos. Barasa akaacha, miezi tisa bila hata tone, mpaka baba mkwe akakubali kumleta Mwende kwangu Kawangware, pale steji ya 46, Jumapili mchana, ajionee mwenyewe, na akiridhika amwache hapo. (Kwangu, kwa sababu kwa Barasa hakukuwa na pa kukalia. Fundi wa viti.)

Sasa mimi na kujifanya kwangu. Mdosi wangu, mama wa Afrika Kusini niliyekuwa nikimfulia, alikuwa anahama, akanipa chupa ya divai nyekundu ya kwao, milima ya Stellenbosch, akanieleza kwamba zabibu zake zinaitwa pinotage na kwamba inaenda sana na mbuzi wa kuchoma. Halafu akasema ni dry. Na kwetu kavu ni kavu: chai kavu ni chai bila mkate, ugali kavu ni ugali bila mboga, kwa hivyo divai kavu ni divai bila pombe, si ndiyo? (Nimeokoka tangu nikiwa shule, ningejulia wapi?)

Kifungulio sikuwa nacho, nikasukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, nikaichuja kwa kichungi cha chai, nikalamba kidole, chungu, nikasema huo ndio ukavu wenyewe. Mwende alikuja na begi kubwa la nguo, nikajua anataka kubaki, nikafurahi mpaka nikapitiliza. Nilisimama na chupa nikawahubiria habari za Stellenbosch utadhani nilizaliwa huko, huku baba mkwe akikata nyama, nikammiminia Barasa kwanza. Akainusa. Akanitazama. Nikamwambia anywe, ni juisi ya wazungu tu, akanywa yote, nikamwongezea, akamaliza hiyo pia.

Ndipo mzee akaonja yake. Aliweka glasi chini polepole, akapangusa mdomo.

"Mama, hii ni pombe."

Nikabisha. Nikambishia mzee wa kanisa, mgeni wangu, kwamba hiyo ni kavu, nikamtolea na mfano wa chai, hadi akavaa miwani akanisomea maandishi madogo ya nyuma ya chupa, yale ambayo sikuwahi kuyasoma, mpaka alipofika penye kiasi cha pombe nikaacha kubisha. Wote tukaangalia glasi ya Barasa. Nikaanza kulia, nikasema kosa ni langu, na ni kweli lilikuwa langu.

"Wewe nakuamini, hukujua," mzee akasema. "Lakini huyu anaijua pombe kushinda sisi wote hapa, na amekunywa glasi mbili."

Mwende alichukua begi lake, nyama akaiacha kwenye sahani, hajaigusa.

Walipoondoka nilimuuliza Barasa kwa nini hakusema.

"Ya kwanza ningeikataa aje, siz? Ulikuwa na raha sana."

"Na ya pili?"

Alichukua sufuria akaanza kuisugua, na aliisugua muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Amerudia pombe. Viti vya wateja vimekaa kwenye karakana bila miguu, na Mwende hashiki simu yangu. Mimi nimeapa: mtu akinipa kitu akaniambia ni kavu, namuuliza hapo hapo, haina nini? (Kumbe ile ilikuwa haina sukari tu.) Ni swali dogo sana, na siku ile lingenichukua dakika moja. Ile glasi ya pili Barasa hakuomba. Niliimimina mimi.