Mwite au Muate

Mimi ni mtu wa kuitwa. Hiyo ndiyo kazi yangu, na msinicheke. Hospitali kubwa za Nairobi zina watu wao walioajiriwa, wenye viti vyao na vikombe vyao vya chai. Mimi huitwa wakipungukiwa. Mmoja akienda likizo, mwingine akijifungua, simu yangu inalia, nami nafunga begi, navuka maji hadi uwanja wa ndege wa Manda, na kesho yake niko chumba cha upasuaji nikiendesha mashine ya moyo. Daktari hawezi kushona moyo unaorukaruka. Lazima usimame kwanza. Wakati umesimama, damu ya mgonjwa inapita kwenye mipira hadi kwangu, mashine inaitia oksijeni, nami naisukuma irudi mwilini. Basi, ndiyo hiyo. Jina la kitaalamu la kazi yenyewe hata mume wangu hulitamka vibaya, na yeye ni mwalimu.

Ni huyo mwalimu aliyenileta Amu, ndio mji wa Lamu kwa wenyewe. Alihamishiwa shule ya huku, nami nikamfuata nikinuna, maana mimi ni mtu wa milimani na joto la pwani hatujapatana hadi leo. Tulipanga orofa ya juu katika nyumba ya Bi mmoja mzee, mwenyeji hasa, aliyekaa chini na mjukuu wake. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, yatima, aliyelelewa na Bi tangu hajaota meno. Alifanya kazi kwenye hoteli moja kule Ras Kitau, ng'ambo ya maji, kutandika vitanda vya wageni na kukunja mataulo.

Siku tuliyohamia, alasiri, niliingia ukumbini na sanduku kichwani nikamkuta msichana amelala kwenye mkeka. Bi alikuwa kando yake akichambua mchele. Aliponiona nasita, akaniambia kwa sauti ya chini, "Muate, mwanangu. Muate."

Mimi nikasikia "mwite". Nikaona ajabu kidogo, lakini mgeni habishani na mwenye nyumba. Nikatua sanduku, nikapaza sauti yangu ya milimani: "Wewe dada! Unaitwa!"

Masikini, aliruka kama nyumba inaungua. Bi alimwaga ungo mzima wa mchele. "Nimesema umuate! Umuate alale! Lo, nyinyi watu wa bara hamuna masikio?" Ndipo nikaelewa kwamba kwa wenyeji wa Amu kuacha ni kuata, na kwamba nilikuwa nimeambiwa nimwache mtoto wa watu apumzike. Aliyeanza kucheka ni msichana mwenyewe. Alicheka mpaka akashika kifua, na kicheko kikaisha pumzi ikawa bado haijarudi. Mimi nilikuwa nimeinama namwokotea bibi yake mchele, nikauona mshipa wa shingoni mwake unavyodunda. Nikaacha kuokota. Mshipa wa namna ile mimi naujua.

Tangu siku hiyo nikishuka ngazi tu, yeye huniuliza, "Mwite au muate?" Nami humjibu, "Nyamaza wewe." Ikawa ndiyo salamu yetu. Hata akiwa anarudi kutoka kazini, amesimama katikati ya ngazi za gatini akivuta pumzi, akiniona tu ataniuliza hilo swali lake la kijinga.

Nilimpeleka mwenyewe kupimwa. Ilikuwa kama nilivyoogopa: homa ya utotoni, ile inayoanza na koo na watu wakadhani ni mafua, ilikuwa imemla valvu, kile kilango cha ndani ya moyo. Dawa zilikuwa zinamshikilia tu. Alihitaji kupasuliwa awekewe kilango kipya, na asipopasuliwa hakuwa na miaka mingi. Alipoambiwa hakulia. Aliuliza kama baadaye angeweza kufunga. Kwa ajili ya dawa alikuwa amekatazwa kufunga Ramadhani, na jambo hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa. Alisema anaona haya kunywa maji mchana, amejificha jikoni kama mwizi, msichana mzima.

Aliyekuwa mgumu ni Bi.

"Mutausimamisha moyo wake?"

"Ndiyo, Bi. Kwa muda tu, ushonwe."

"Na moyo ukisimama, roho iko wapi?"

Nilikuwa nimechoka kubembeleza, na hasira zangu ziko karibu siku zote. Nikamwambia, "Roho iko kwa Mungu, Bi. Damu iko kwangu. Nitaiendesha mimi mwenyewe, si mtu mwingine."

Akasema, "Basi usimuate."

"Simwachi."

"Sema vizuri."

"Simuati, Bi."

Akaridhika. Msichana akacheka, akasema hatimaye mtu wa bara ameota masikio.

Nilizungumza na wakubwa wa hospitali moja ya Nairobi inayoniitaga, wakaniita kwa siku yake. Bi hakuweza kusafiri, miguu ilikuwa imevimba, kwa hiyo tuliondoka wawili. Ndani ya ndege alinishika mkono, ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda. Alitaka kujua kama moyo ukiwa umesimama ataota ndoto. Nikamwambia sijui, akiota aje aniambie.

Upasuaji wenyewe sina la kuulalamikia. Daktari alikuwa fundi, kilango kilikaa mahali pake. Damu yake ilipita mbele yangu kwenye mipira, nyeusi ikija na nyekundu ikirudi, na mimi macho hayakubanduka. Kisha ikafika saa ya kumtoa mashineni. Hapo unapunguza mwendo wa pampu kidogo kidogo, ili moyo uchukue kazi yake wenyewe.

"Punguza," akasema daktari. Nikapunguza. Moyo ukapiga, ukayumba, presha ikashuka.

"Rudisha." Nikarudisha. Tukaungoja, tukaupa dawa, tukaupumzisha.

"Punguza." Nikapunguza. Ukashindwa.

"Rudisha."

Sikumbuki tulirudia mara ngapi. Nakumbuka nilikuwa naugombeza moyoni mwangu ule moyo, nauambia amka wewe, amka, una bibi anakungoja. Ulikuwa umechoka miaka mingi kabla hatujaufikia. Mwishowe walimhamishia kwenye mashine ndogo, ile ya kumshikilia mgonjwa kitandani siku kadhaa, wakampeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Tukawa tunaiangalia kwa zamu, mimi na mwenzangu mmoja wa pale.

Siku zikapita, na kila siku ilichukua kitu. Figo zikasimama. Kisha asubuhi moja daktari akammulika tochi machoni, na macho hayakufanya lolote. Wakapima tena, wakapima kwa njia zao zote. Mimi nilikuwepo. Mashine ilikuwa inasukuma damu vizuri sana, ndilo jambo lililonikera: tarakimu zote nzuri, mikono yake ya moto, na mwenyewe hayupo.

Daktari alisema atazungumza na Bi kwa simu, amweleze yote bila kumficha, kisha asikie neno lake. Niliomba nisiwepo. Zamu yangu ilikuwa imeisha. Nikaenda kwa dada yangu, hapo hapo Nairobi, nikakaa jikoni kwake nakata sukuma wiki ambayo hakuna aliyeniomba niikate.

Simu ikalia. Alikuwa nesi. "Dada, rudi. Bibi amesema uitwe."

Nilipofika daktari alinipokea mlangoni. Alinieleza kwamba amemwambia Bi kila kitu, kwamba matumaini hakuna, na Bi hakukubali mashine izimwe. "Anakutaka wewe. Nadhani anaamini wewe unaweza kufanya kitu. Basi tumeamua kungoja."

Nikamgeukia nesi aliyekuwa ameshika simu. "Alisema nini hasa? Maneno yenyewe."

"Alisema mwiteni. Simu ilikuwa inakatikakatika, lakini hilo alilirudia. Mwiteni, wanangu, mwiteni."

Yule nesi ni msichana wa kwetu kabisa, wa milimani, hata lafudhi yake ni yangu. Nilitamani kumzaba kofi, na hakuwa na kosa lolote. Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelewa. Katika hospitali nzima ile, ghorofa zake zote, nilikuwa mtu pekee aliyejua Bi amesema nini. Nami nilitamani nisijue. Ningekaa kimya tu. Hakuna ambaye angenishuku. Ningekaa kwenye kiti changu nikaangalia tarakimu zangu nzuri, damu ikaenda na kurudi, siku moja tena, labda mbili, na mikono yake ikabaki ya moto. Sikuwa nimeahidi lingine ila hilo.

Nikatoka barazani nikampigia.

"Bi, shikamoo. Wananiambia umesema niitwe."

"Uitwe wewe?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Uitwe ufanye nini? Mimi nimesema wam—"

Nikamsikia anavuta pumzi, kisha nikasikia kitu ambacho sikukitarajia: alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, na hapo hapo kikageuka kilio, sijapata kusikia kilio kile kwa mtu mzima. "Wallahi, nyinyi watu wa bara," akawa anasema. "Wallahi, nyinyi watu wa bara."

Nikalia na mimi, pale barazani, watu wanapita na maua na chupa za uji.

"Bi, nilikuahidi simuati."

"Nami ndiye niliyekufunga, na yeo nakufungua. Mtoto amechoka. Wewe mwenyewe wayua." Akajipangusa pua. "Weka simu shikioni mwake."

Niliingia nikamwambia daktari maneno ya Bi kwa Kiswahili cha kila mtu: amesema mumwache. Nesi akashika mdomo. Daktari akavuta pazia, akanipisha upande wa mashine, ambao ni upande wangu.

Nikaweka simu shikioni mwa msichana. Bi akamsomea, taratibu, akamtamkia shahada pole pole kama anavyomfundisha mtoto, akingoja kila kipande, ingawa midomo ilikuwa na mpira na haikutikisika. Mimi si wa dini yao, lakini niliinamisha kichwa. Alipomaliza akaniita.

"Mwanangu."

"Labeka, Bi."

"Muite kwanda. Asipoitika, muate."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha pampu. Nikainama. Sikumwita kwa jina lake. Nilimwita kama siku ile ya mchele, kwa sauti yangu ya milimani, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa:

"Wewe dada! Unaitwa!"

Tukangoja, wote pale kitandani, na Bi kule Amu, simu ikiunguruma.

"Ameitika?" Bi akauliza.

"Hapana, Bi."

"Haya."

Nikamuata.